Haki ya mtoto mchanga, wajibu wa nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha uraia na maadili darasa la sita, shule ya kijijini mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu ni 74. Mada ya haki na wajibu wameikariri barabara. Ukiwaambia wataje haki tano, darasa zima linanyoosha mikono. Shida iko nje ya darasa. Juzi mvulana mmoja alidaiwa mchango wa mlinzi, akajibu kwamba kusoma bure ni haki yake. Mwalimu mkuu akanijia juu kwamba nawafundisha watoto ukaidi. Sasa nikikazia wajibu naona nawafundisha kunyamaza, nikikazia haki naambiwa nawaharibu. Nifundisheje? Na nitumie nini, maana kitabu ni kimoja kwa watoto wanne?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo mvulana nimempenda. Nitamrudia.

Kwanza nikusimulie nilivyoumbuka mimi. Nilikuwa na miaka michache kazini, nikaandika ubaoni sentensi ambayo bila shaka na wewe umewahi kuiandika: haki na wajibu ni chanda na pete, asiyetimiza wajibu hastahili haki. Watoto wakanakili. Msichana mmoja wa karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akanyoosha mkono. Mama yake alikuwa amejifungua wiki ile. Akauliza, "Mwalimu, mdogo wangu ana haki ya kuishi?" Nikamwambia anayo. "Sasa yeye ametimiza wajibu gani?"

Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini, tukaendelea na somo. Jibu sikuwa nalo, ila fimbo ilikuwa mezani, na mwalimu mwenye fimbo mezani hahitaji majibu mengi.

Baadaye nilikuja kufundisha hata walimu, na sijapata swali lililonifaa kuliko lile. Yule mtoto mchanga hana wajibu hata mmoja, na haki yake ni kamili. Wajibu upo, lakini uko kwa wengine: kwa mama anayenyonyesha, kwa baba, kwa muuguzi wa zahanati anayechoma chanjo, kwa serikali inayotakiwa kuifikisha hiyo chanjo zahanati. Chanda na pete ni sawa, ila pete ya huyu iko kwenye chanda cha yule.

Ukishika hilo tu, mengine yatakuja. Kila haki mtakayoitaja darasani, msiiache mpaka mmeulizana: wajibu wake uko kwa nani? Vitabu vyetu vingi vinapanga orodha mbili, haki upande huu na wajibu upande ule, na mtoto anatoka akidhani zote ni za kwake peke yake: hizi nadai, hizi nadaiwa. Akiwa mpole atashika ya wajibu, akiwa mjuaji atashika ya haki. Mvulana wako ameshika moja, mwalimu mkuu ameshika nyingine, na wewe umesimama katikati unatafuta pa kukimbilia.

Dakika kumi za kwanza ningezitumia kwenye maneno yenyewe. Waambie wataje kila mahali wanapolisikia neno "haki" nyumbani. Watakuletea "haki ya Mungu" ya kuapia, "nipe haki yangu" ya mtu aliyepunjwa kwenye mgawo wa nyama, "haki itendeke" ya mahakamani, "haki elimu". Lugha yetu imeweka mambo mawili kwenye neno moja, kile unachostahili na ule uadilifu wa kukigawa, na watoto wanaliona hilo haraka kuliko tunavyodhani. Kisha "raia". Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na huko lina undugu na kuchunga: raia ni wanaochungwa, kama kundi. "Mwananchi" tulilitengeneza wenyewe, naye ni mwana wa nchi, mwenye nyumba. Waulize wao wangependa kuwa lipi kati ya hayo mawili, uone mabishano. Usiamue mshindi.

Sasa zana. Usihangaike na kitabu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ipo kwa Kiswahili, na sehemu unayoihitaji, ibara ya 12 hadi ya 30, ni kurasa chache tu. Toa nakala kumi, wagawe watoto saba saba. Kazi ya kwanza ni ya kalamu. Wapige mstari mmoja chini ya kila "kila mtu", na mistari miwili chini ya kila "kila raia". Wasisome kwa kuelewa kwanza, wawinde tu hayo maneno.

Watagundua kwamba sehemu kubwa ni mstari mmoja. Haki ya kuishi, ibara ya 14, ni ya kila mtu. Kuwa huru, kila mtu. Kumiliki mali, kila mtu. Ila kwenda unakotaka ndani ya nchi, ibara ya 17, na kushiriki katika utawala wa nchi, ibara ya 21, ni mistari miwili. Hapo waulize kuhusu familia ya Wakongo iliyoko kambi ya Nyarugusu kule Kasulu: ni raia? Si raia. Basi hawana haki? Watazirudia karatasi zao wenyewe na kuona kwamba mkimbizi ni "mtu" kama wao, na kwamba mengi waliyodhani wanapewa kwa kuwa ni Watanzania wanayo kwa kuwa ni binadamu. Nimelifanya zoezi hili mara nyingi na sijawahi kulimaliza ndani ya kipindi kimoja.

Kazi ya pili ni ibara ya 25 hadi ya 28, ambako ndiko wajibu ulikoandikwa: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Ni nne tu. Walimu wengi husoma "kutii sheria" kwenye ibara ya 26 wakaishia hapo. Shuka mstari mmoja, kifungu kidogo cha pili. Kinasema kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu wa sheria, kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Yaani katikati ya wajibu imekaa haki, tena haki kubwa: si kutii sheria tu, hata kumpeleka mahakamani anayeivunja. Ibara ya 27 nayo, ukimaliza ile habari ya kulinda mali ya umma ambayo sote tunaigeuza kuwa "msichore madawati", inataka watu wapige vita ubadhirifu. Mtoto anayeuliza fedha za choo cha shule zimekwenda wapi anatimiza wajibu wa kikatiba. Hilo sijui kama utamwambia mwalimu mkuu siku ya kwanza.

Lakini vifungu havikai kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kinachokaa ni kisa. Mimi hutumia kisa cha Muleba, na nakuandikia kwa urefu kwa sababu ndicho ninachotaka ukifundishe hata kama utaacha mengine yote.

Katiba yetu ya 1977 ilipotungwa haikuwa na sura ya haki za binadamu. Ziliingizwa na mabadiliko ya 1984, na hata hapo mahakama zikatakiwa kusubiri. Hazikuanza kuzitumia mpaka Machi 1988. Miezi mitano baadaye, Agosti 1988, huko Muleba mkoani Kagera, mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Shamba lilikuwa la ukoo, baba yake alimwachia kwa wosia. Akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, ndugu wa ukoo, Bernardo Ephraim, alikuwa mahakama ya mwanzo akidai mauzo yafutwe. Alikuwa na sheria mkononi: mila za Wahaya zilizoandikwa 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila si kuiuza. Mwanamume angeweza.

Hapa simama. Usiwaambie mwisho. Gawa darasa makundi matatu. La kwanza ni mahakama ya mwanzo, la pili mahakama ya wilaya, la tatu Mahakama Kuu Mwanza. Kila kundi lina karatasi yenye mila ile na karatasi yenye ibara ya 13, inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria na kukataza ubaguzi. Wape dakika kumi na tano wahukumu, kila kundi liseme na sababu zake.

Usishangae wasichana wakihukumu dhidi ya Holaria. Nimeliona hilo. Watakuambia ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa wageni ukoo unakufa, na hiyo si hoja ya kipuuzi, usiidharau. Wavulana wengine watamtetea kwa sababu ya uzee wake, si kwa sababu ya haki yake, na hapo una kazi nzuri ya kuwatenganishia huruma na haki. Uliza: angekuwa kijana mwenye nguvu, mngehukumu tofauti?

Kisha wasomee yaliyotokea. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi Bernardo. Mahakama ya wilaya ikaigeuza hukumu hiyo, ikampa ushindi Holaria, ikitaja haki zile mpya za Katiba. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema wanawake wana haki ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya wanaume. Si zaidi, si pungufu. Mwanamume wa ukoo akiuza kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo, mwanaukoo mwingine aliweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Basi na kwa mwanamke iwe hivyo hivyo. Bernardo akapewa miezi sita alete hizo 300,000 kama shamba analitaka.

Angalia utamu wa hukumu ile kwa mwalimu wa uraia. Holaria ana haki, na wajibu wa kuiheshimu haki hiyo uko kwa ukoo na kwa mahakama. Ukoo nao una haki, ya kukomboa, ila ina wajibu wake: toeni fedha. Kila mtu anatoka na kitu cha kudai na kitu cha kutimiza, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Ukitaka kisa cha karibu zaidi na umri wao, kipo cha Rebeca Gyumi, aliyekwenda mahakamani kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Alishinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia ushindi huo Oktoba 2019. Kwa darasa lenye wasichana wa miaka kumi na mitatu kisa hicho kinawagusa wazi, pengine mno. Mjue mtoto gani ana nini nyumbani kabla hujakifungua.

Sasa mvulana wako. Mpango wa elimu bila malipo, hadi kidato cha nne, ulianza Januari 2016, na ipo nyaraka moja ambayo kila mwalimu wa uraia angekuwa nayo mfukoni: Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016. Humo wajibu umegawanywa kwa majina, serikali hiki, mzazi hiki, shule hiki. Chukueni haki yake ya kusoma bure mkaifuatilie mlango kwa mlango. Ada na ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ni za serikali. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto ni za mzazi, ambaye pia Sheria ya Elimu ya 1978 inambana amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Mchango ni wa hiari, unazungumzwa na wazazi na kamati ya shule, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu yake. Na mtoto je? Kwake ni kufika shuleni, kusoma, na kutunza alichokikuta.

Kwa hiyo alikuwa sahihi nusu. Kusoma bila ada ni haki yake. Lakini hakusema lile ambalo angelisema kama angefundishwa vizuri: "Mwalimu, suala la mlinzi ni la kamati na wazazi, naomba barua nimpelekee baba." Hebu linganisha na alichojibu. Jibu hili la barua lina haki ile ile, halina ukaidi, na linampeleka mtu kwenye mlango unaohusika. Mwalimu mkuu akisikia mwanafunzi anajibu hivyo hatakuita ofisini. Na akikuita, waraka utakuwa mezani kwake pia.

Hapa kuna jambo la kwako wewe, si la watoto. Ukisoma Katiba utaona haki ya kujielimisha imetajwa ibara ya 11, siyo kwenye ile sehemu ya 12 hadi 30. Iko kwenye malengo ya serikali, na ibara ya 7 inasema malengo hayo hayapelekwi mahakamani. Usimwambie mtoto kwamba anaweza kushtaki kwa ibara ya 11. Kinachombeba ni Sheria ya Elimu na Sheria ya Mtoto ya 2009. Hiyo ya pili, mwonyeshe mwalimu mkuu ukurasa ulioorodhesha wajibu wa mtoto: kuheshimu wazazi na wakubwa na kuwasaidia wakati wa shida, kuitumikia jamii kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Haisemi popote kwamba asipofanya hivyo haki zake zinasimama.

Jiandae na jingine. Siku utakapofundisha haya vizuri, swali la kwanza litakuwa la fimbo. Mkono utanyooshwa, pengine na yule aliyechapwa asubuhi. Usifanye nilivyofanya mimi. Waambie ukweli ulivyo kwenye kanuni za 2002: viboko havizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, si kila mwalimu aliyekasirika, msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Kisha nyamaza uwaache wahesabu wenyewe. Hapo ndipo utakapojua kama unafundisha uraia au unafundisha orodha, maana safari hii mwenye wajibu ni wewe na wenzako wa chumba cha walimu. Kabla ya kipindi hicho kaa na mwalimu mkuu, ukaliangalie hilo daftari la adhabu kama lipo. Usimshtukize mbele ya watoto. Atakosa pa kushikia, na somo litafia hapo.

Kodi ni nyepesi, usiipe zaidi ya nusu kipindi. Lete risiti moja ya duka la mjini yenye alama ya kodi. Kwenye bidhaa ya 1,180, shilingi 180 ni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Wanaamini kodi inalipwa na watu wenye magari. Wakijua kwamba soda waliyokunywa sikukuu ilijenga kipande cha ukuta wa darasa, lile tangazo la "ukinunua dai risiti" linaacha kuwa la watu wazima. Wengine watarudi wakikulalamikia mwenye duka la kijijini. Pokea malalamiko.

Na kwa kuwa uko kijijini, tumia mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo halmashauri ya kijiji inaposoma mapato na matumizi. Ardhi ya kijiji nayo haigawiwi bila mkutano huo. Wape watoto kazi ya nyumbani ya swali moja: baba au mama, mara ya mwisho ulihudhuria lini? Wasiulize zaidi ya hapo. Kesho yake andika majibu ubaoni bila majina. Wazazi wawili watatu watakuja kukuuliza unatafuta nini. Waonyeshe Katiba ibara ya 146, inayosema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chama cha mtu yeyote usikitaje, wala cha kwako, hata kwa mzaha. Ukitelezea hapo hakuna ibara itakayokuokoa.

Uliniuliza ufundisheje. Mimi ningeanza na kalamu na zile kurasa za Katiba, halafu Muleba wiki inayofuata, kisha waraka wa ada, na fimbo nikaiacha mwisho baada ya kuongea na mwalimu mkuu. Mtihani usiuhofie: mtoto aliyebishana dakika kumi na tano juu ya shamba la Holaria hawezi kushindwa kutaja haki tano.

Makundi yako matatu yakishahukumu, niandikie walivyoamua kabla hujawasomea hukumu. Hasa wasichana.